Sufi Begani

Nikuulize kwanza, msikilizaji wangu: mtu akishabakiwa na jicho moja, hilo moja ni la nani? Ni lake mwenyewe, ni la mkewe anayemshika mkono wakivuka barabara, au ni la yule anayempa kazi? Usinijibu upesi. Ngoja nikueleze ya Twaha, fundi wa bunduki wa Gerezani, na mkewe Swaumu, kisha utanijibu ukitaka, na usipotaka shauri yako.

Nyuma ya maduka ya spea, pale ambapo ardhi imelowa oili hata mvua haiiondoi, kulikuwa na karakana yenye mlango wa chuma na makufuli makubwa. Kibao hakikuwepo. Waliohitaji waliijua: wawindaji wenye vibali, wenye mashamba makubwa huko bara, na watu wa kampuni zinazopeleka wageni porini. Mwenye karakana alikuwa Abubakary, mwanamume wa makamo aliyerithi biashara na leseni kwa marehemu baba yake. Alimrithi na Twaha. Uani kulikuwa na vyumba viwili. Kimoja stoo, na kimoja walikaa Twaha na Swaumu tangu binti yao Zulekha hajaota meno, mpaka Zulekha akaolewa Lindi, na wao wakabaki hapo hapo. Chumba kilikuwa cha kazi. Kazi ikiisha, chumba kinaisha. Hilo halikuwahi kusemwa kwa ukali wala kwa upole. Lilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba bati lile huvuja masika.

Jicho la kushoto la Twaha lilikuwa limekufa kwa presha ya macho. Halikumuuma. Lilianza na giza pembeni, akawa kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Bomba likazidi kuwa jembamba, likaziba. Kwa nje ungeliona zima kabisa, linageuka pamoja na mwenzake, linapepesa. Daktari alimwambia kuwa hata hili la kulia lina presha, kwa hiyo dawa ya matone asubuhi na jioni, mizigo mizito asibebe, na kichwa kisipate mshtuko.

"Kazi yako ipi, mzee?" daktari alimuuliza.

"Seremala," Twaha alijibu.

Swaumu alikuwa amekaa pembeni yake. Aliufungua mkoba wake, akatafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Abubakary hakuambiwa. Fundi wa bunduki mwenye jicho moja, nani atamletea kazi?

* * *

Ilikuwa Alhamisi ya masika bunduki ilipofika. Aliileta Samson, kiongozi wa wawindaji, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongelea uwanjani hata akiwa chumbani. Akalifungua sanduku juu ya meza ya kazi, na Twaha, ambaye alikuwa ameshika bunduki za nyati na za tembo ujana wake wote, akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kuigusa. Ilikuwa nzito, kitako chake cha mbao nyeusi, na mdomo wa mtutu mpana hata ncha ya kidole chake cha mwisho ikaingia. Risasi moja ilimjaa kiganjani.

"Hii ndiyo yenyewe, babu," alisema Samson. "Tembo akikujia mbio, hii inamwambia kaa chini. Ila wageni wangu wa siku hizi hawajui kulenga bila darubini. Nifungie, halafu Jumamosi ukaipige, uirekebishe. Wageni wako angani wanakuja."

"Ina teke hiyo," Twaha alisema taratibu.

"Teke? Hiyo si teke. Hiyo ni gari la mchanga." Samson akacheka, akamgonga bega. Bega la kulia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza kuifunga darubini juu ya bunduki, kisha kwenda uwanja wa shabaha kuipiga na kuikaza na kuilegeza, mpaka risasi iende pale jicho linapotazama. Na darubini ya bunduki ina mahali pake. Ikikaa mbali na jicho unaona duara la giza. Ikikaa karibu, bunduki ikirudi nyuma kwa nguvu zake inakupasua uso. Twaha alikuwa na kipimo chake. Alivaa koti lake la kaki, lile lile la kwendea uwanjani miaka yote, akaegemeza kitako begani, akaweka vidole vyake kati ya nyusi na kioo.

"Vidole vinne," alizoea kusema. "Vinne ni riziki. Vitano ni giza. Vitatu ni damu."

Akaisogeza darubini, akapima tena, akakaza skrubu. Vinne kamili.

Abubakary alitoa kichwa ofisini. "Mzee Twaha, shikamoo," akasema, macho yakiwa kwenye simu. "Jumamosi asubuhi, eh? Tukichelewa tunakutwa na mvua. Na huyu Samson ana bunduki nyingine nyuma ya hii. Tukimpendeza, za kampuni nzima zinakuja kwetu."

"Marahaba. Inshallah, bosi," alisema Twaha.

* * *

Jioni Swaumu alimlaza kitandani, kichwa kwenye mapaja yake, akamshika kope.

"Ile ni kubwa," alisema.

"Ya kawaida."

"Nimeiona ikiingia. Yule bwana kaibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka maiti ya mtoto makaburini."

"Mama Zulekha, tone limeshaingia. Niachie kope."

Hakuiachia mara moja. Aliliangalia lile jicho kwa karibu, jeusi, lenye unyevu, na ndani yake akaiona taa ya chumba na kichwa chake mwenyewe, kidogo kama punje. Kisha akamfungua vifungo vya shati. Begani palikuwa na alama ya zamani, rangi ya zambarau iliyochakaa, ya bunduki iliyopita. Akapaka mafuta ya nazi, akasugua.

"Hawezi kuipiga mwenyewe? Si yake?"

"Mwenyewe akiipiga, mimi wa nini pale?"

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu."

Nje basi la mwendokasi lilipita, chumba kikatetemeka kidogo, vikombe vikagongana kabatini. Maneno aliyotaka Swaumu kuyasema hayakuwa mengi. Yalimfika mpaka kwenye meno. Lakini aliitazama kabati, kitanda, cherehani lake pale dirishani, mlango wa uani ambao ufunguo wake ulikuwa wa Abubakary, na maneno yakarudi yalikotoka.

"Lete hilo koti nilifue," alisema badala yake. "Lina jasho la mwaka jana."

Twaha akalitungua msumarini, akampa. Na yeye alikuwa na lake kooni. Mikono yake ilitetemeka siku nzima tangu alipoishika ile risasi. Alimwambia Swaumu ni uzee.

* * *

Ijumaa mchana, wanaume walipokwenda msikitini na karakana ikafungwa, Swaumu aliutoa mto wake uvunguni. Ulikuwa mto wa sufi aliokuja nao uharusini, sufi ya miti ya kwao Mkuranga, iliyochambuliwa na mama yake mbegu baada ya mbegu. Majirani wote wanalalia sponji sasa. Yeye aliutunza kwenye kanga, na kila mwaka aliuanika juani.

Akaufumua pembeni. Sufi ikatoka kama povu.

Swaumu alijua kushona vitu vizito. Riziki yake ilikuwa maturubai ya malori na vifuniko vya bidhaa za wenye maduka ya Kariakoo. Sindano za cherehani lake zilikuwa nene kuliko za wenzake. Alikata kipande cha kitambaa cha marekani, akakishona ndani ya koti begani upande wa kulia, akakijaza sufi mpaka ikavimba, kisha akapita na nyuzi mshazari ili isikimbie. Hakupitisha uzi hata mmoja nje. Kwa nje koti lilikuwa koti.

Mama Caroline, jirani aliyekuwa akiuza supu ng'ambo ya barabara, aliingia uani kuazima kinu, akamkuta.

"Ee! Unamshonea bwana ziwa?"

"Toka huko, mwanamke mchafu wewe."

"Sasa moja tu? Si umshonee mawili, akipita Msimbazi tupigiwe miluzi." Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Halafu akaushika ule uvimbe, akaubonyeza, na kicheko kikaisha. "Ni ya ile bunduki?"

Swaumu alikata uzi kwa meno.

"Mwambie asiende, mwenzangu."

"Nitamwambia."

"Lini? Mumeo kazi yake kelele, wewe bubu. Sijui mnaongeaje ndani humo."

"Tunaongea."

"Haya." Mama Caroline akachukua kinu, akaondoka.

Swaumu alilivaa lile koti, akajipiga ngumi begani kwa nguvu zake zote. Haikuuma. Akajipiga tena. Akaridhika. Kwamba kitu laini hupunguza kipigo hata mtoto mchanga anajua, ndiyo maana akianguka hulilia tumbo la mama. Lakini habari ya vidole vinne Swaumu hakuijua. Hayo yalikuwa maneno ya karakana, na katika miaka yote ile hayakuwahi kuvuka uani.

* * *

Jumamosi kulipambazuka na wingu. Twaha alilitundika koti mkononi kwa sababu ya joto, na sufi, unajua, haina uzito, hakuhisi kitu. Swaumu alimsindikiza hadi kwenye gari. Alimlainisha kola ya shati ingawa haikukunjika.

"Ukifika, livae koti."

"Nitalivaa."

"Baba Zulekha."

"Naam."

Abubakary akapiga honi.

"Hakuna," Swaumu alisema. "Nenda salama."

Uwanja wa shabaha ulikuwa nje ya mji, njia ya kuelekea Kisarawe: nyasi ndefu, tuta la udongo mwekundu mwishoni, na meza ya zege chini ya kibanda cha makuti. Samson alikwishafika. Alikuwa ametundika karatasi ya shabaha mbele ya tuta, na sasa anatembea huku na huku akiangalia mbingu. Twaha akapanga vitu vyake. Mifuko ya mchanga ya kulazia bunduki, aliyoishona Swaumu kwa mabaki ya turubai. Bisibisi. Kitambaa. Na tairi kuukuu la pikapu, kwa sababu ndiyo desturi yake: bunduki ngeni, risasi ya kwanza haipigwi na mtu. Inapigwa na tairi.

"Babu, unaifunga kama mbuzi wa Idi!" Samson alisema, akimwangalia anavyozungusha kamba kwenye kitako.

"Bora mbuzi kuliko mimi."

"Mzee wetu ana utaratibu wake," Abubakary alisema kwa haraka, akitabasamu. "Ila fanya upesi, mzee. Wingu hilo."

Twaha alirudi nyuma ya ukuta wa kibanda akiwa na ncha ya kamba nyingine mkononi, iliyofungwa kwenye kifyatulio. Akawaambia wazibe masikio. Akavuta.

Makuti ya kibanda yalimwaga vumbi. Ndege waliinuka kwenye nyasi wote kwa pamoja, wakaenda upande mmoja. Na tairi, tairi zito lile lililoegemezwa zege, liliruka, likajigeuza, likalala chali umbali wa mtu aliyelala, na bunduki imefungwa juu yake mdomo ukitazama mbinguni.

"Mama yangu," alisema mlinzi wa uwanja.

Samson alipiga makofi. Twaha alilitazama tairi kwa muda mrefu. Lilikuwa limechanika pale kitako kilipogusa. Akaifungua kamba, akaikagua bunduki kila mahali; ilikuwa nzima, haina ufa. Aliomba moyoni aukute ufa. Angeukuta, wangerudi mjini.

Akalivaa koti. Akaketi, akailaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, akaivuta begani, akalisogeza jicho lake kwenye darubini.

Giza.

Katikati kulikuwa na mwanga mdogo, na kuuzunguka pande zote duara jeusi, nene, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Twaha alilijua bomba lile. Alikwishalipita na jicho la kushoto mpaka mwisho wake. Akapepesa, akaangalia tena. Bomba. Akawaza: ndiyo hii, imekuja leo, mbele ya watu, hata nyumbani sijafika. Nitarudi vipi? Nani atanishika mkono kutoka kwenye gari hadi mlangoni bila Abubakary kuona?

Akainua kichwa. Tuta la udongo lilikuwepo. Nyasi zilikuwepo, pembeni na katikati, na mlinzi wa uwanja anajikuna. Aliona kila kitu. Jicho lilikuwa zima.

Basi ni darubini. Iko mbali. Lakini alipima mwenyewe, vidole vinne, na koti hili hili. Ndipo alipopeleka mkono begani, akaikuta.

Akabonyeza. Ikabonyea, ikainuka tena. Akaingiza vidole ndani ya koti, vikapita juu ya nyuzi, mshazari, karibu karibu, mishono ya mtu anayeshona maturubai ili mvua isipite. Hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Hakuhitaji kuambiwa kwamba jioni ile alipomwambia "ya kawaida" hakuaminiwa.

"Vipi babu?" Samson alikuwa nyuma yake. Akamshika bega kama kawaida yake, akasita, akabonyeza. "Hii nini? Abubakary, njoo! Mzee kaja na mto! Bibi kampa mto akalale!"

Abubakary alicheka, kidogo, kicheko cha mtu anayemchekea mteja. Hata mlinzi alicheka.

Twaha alijua la kufanya. Kuvua koti. Au kulegeza skrubu, kuirudisha darubini nyuma, kupima upya. Ni kazi ndogo, lakini matone ya kwanza yalianza kugonga makuti, na Abubakary ameitazama saa yake, na ili kuifanya ilimpasa aseme mbele yao: ngojeni kwanza, nipime upya kwa ajili ya mto wa mke wangu. Na tena kuna jambo jingine, ambalo hakulisema kwa mtu yeyote siku ile. Hakutaka kulivua. Ameliona tairi. Bega lake lilikuwa na hofu, na sufi ilikuwa laini.

Akaiacha. Akanyoosha shingo mbele, kidogo tu, mpaka giza likaondoka na karatasi ikajaa kioo chote, nyeupe. Hakuweka vidole.

Sasa, kitu laini hupokea kipigo kwa kukipisha. Sufi ilibonyea kama ilivyopaswa kubonyea, ikaipa bunduki nafasi ya kukimbia kabla haijakutana na mfupa. Na shingo ilikuwa mbele.

Mlio Twaha hakuusikia. Aliona weupe, kisha wekundu, kisha akaona zege la sakafu kwa karibu sana, na juu yake matone. Akadhani ni mvua.

* * *

Mama Caroline ndiye aliyepokea simu, maana ya Swaumu ilikuwa kwenye chaji. Alivuka barabara mbio, mwiko wa supu bado mkononi. Mwendokasi hayakuwa yanapita siku ile. Bonde la Jangwani lilikwishajaa maji, magari yamegeuziwa huku na huku. Walipata bajaji. Njia nzima Swaumu hakulia wala hakuuliza. Aliishika ncha ya kanga yake akawa anaikunja na kuikunjua.

Wodini Twaha alikuwa amelala chali, kichwa kimewekewa mito pande zote kisigeuke. Nyusi ya kulia ilikuwa imeshonwa, na juu ya jicho bandeji nene. Jicho la kushoto lilikuwa wazi. Lilimgeukia Swaumu aliposimama, na mtu asiyejua angedhani limemwona.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Aa."

Daktari, mwanamke kijana, alimvuta Swaumu pembeni. Alisema mfupa haukuvunjika, na kwamba ndani ya jicho damu imemwagika. Huenda itanywea, huenda isinywee. Na ile presha yake haikusaidia. Asitikisike. Bandeji ikifunguliwa ndiyo watajua. "Faili lake linasema seremala," daktari aliongeza. "Ubao ulimpiga?"

"Hapana," Swaumu alisema. Ndilo jibu la kweli la kwanza alilolitoa kwa daktari yeyote.

Akarudi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda taratibu ili kisicheze. Mkono wa mumewe ulikuwa unapapasa shuka. Akaupa wake.

"Ni ile sufi?" aliuliza.

Twaha angeweza kusema hapana, na angeaminiwa, kwa kuwa Swaumu hakujua mambo ya bunduki.

"Nilifunga kwa vidole vinne," alisema. "Sufi ikaongeza. Niliijua, Mama Zulekha. Niliishika kwa mkono huu kabla sijapiga. Ningevua."

"Mbona hukuvua?"

"Waliicheka. Halafu..." Aliupapasa mkono wa mkewe. "Halafu nilikuwa natetemeka. Nikasema acha inisitiri."

Swaumu aliinama mpaka paji la uso likagusa mkono wa mumewe. Alikaa hivyo. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuzia uso ukutani kwa adabu.

Abubakary alikuja baadaye, ametota mvua, mkononi ana mfuko wa kitambaa. Alisema shikamoo kwa wote wawili, safari hii simu ikiwa mfukoni, na alikuwa na huzuni ya kweli, tusimsingizie. Mtu yule alimfungulia Twaha mlango wa gari mwenyewe, akamshikilia kitambaa usoni njia nzima, Samson akishika usukani. Shati lake lilikuwa na damu. Akautoa mfuko ule, ndani yake koti la kaki, bega limepasuka na sufi inachungulia, nyeupe upande mmoja na upande mwingine imeganda.

"Mama, hii ni kazi yako?" aliuliza kwa upole.

"Ndiyo, baba."

"Nimeelewa. Ni mapenzi. Ila safari nyingine usiweke, mama."

Swaumu aliinua uso.

"Maana, mzee," Abubakary aliendelea, akiinamia kitanda, "amini usiamini, risasi ilipiga karibu na katikati. Samson kashangaa. Anasema mkono kama huo haujapatikana tena, atasubiri. Wewe pumzika, dawa zote juu yangu. Bandeji ikitoka, tunamalizia ile, halafu ile ya pili. Taratibu tu. Chumba msiwe na wasiwasi nacho, kipo, ni chenu. Kazi ipo, chumba kipo." Akatabasamu. "Au sio, mzee?"

Mvua ilikuwa inapiga vioo. Midomo ya Twaha ilifunguka, na Swaumu aliliona neno linavyokuja, lile lile la miaka yote, limekwishafika nusu.

"Inshal..."

"Jicho lake la kushoto halioni," Swaumu alisema.

Abubakary akageuka. Sauti ilikuwa ngeni kwake. Alikuwa amemwona mwanamke huyu kila siku kwa miaka yote ile, na alichokijua kwake kilikuwa mlio wa cherehani.

"Mama?"

"Halioni tangu mwaka jana. Tulikuficha. Hili lililofungwa ndilo lililokuwa linatuonyesha njia sote wawili, na sijui kama lipo." Aliuchukua ule mfuko wenye koti, akauweka mapajani. "Ufunguo wa chumba utaukuta kwa Mama Caroline. Vyombo nitatoa mwenyewe."

"Mama, hakuna aliyesema habari ya..."

"Najua hukusema, baba. Hata mimi sikusema. Alhamisi nilinyamaza. Ijumaa nikakaa nikashona. Leo asubuhi nimesimama mlangoni pa gari lako, wewe ukapiga honi, nikamwambia nenda salama."

Abubakary akarudi nyuma hatua moja, akabaki ameshika chuma cha kitanda.

Swaumu alimgeukia mumewe. Jicho la kushoto lilikuwa linamtafuta, likatafuta juu yake, likatafuta pembeni yake. Alimshika uso kwa mikono miwili ili asihangaike, taratibu, kisitikisike kichwa. Tangu aolewe hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Twaha," alisema. "Usiende."